Jinsi ya kurekodi mwanga usiotambulika angani ili uweze kupimwa

Mradi wa Blue Book wa Jeshi la Anga la Marekani ulipofungwa mwaka 1969, ulikuwa umekusanya taarifa 12,618 za vitu visivyotambulika angani, na 701 kati yake zilibaki bila maelezo. Jopo huru lililoundwa na NASA, lililotoa ripoti Septemba 2023, lilitaja bayana kinachokwamisha utafiti: vihisi visivyokalibriwa (visivyolinganishwa na kipimo kinachojulikana), tukio kupimwa kutoka sehemu moja tu, na kukosekana kwa taarifa za kifaa kilichorekodi. Kasoro hizo zote zinazuilika. Kwa hiyo suala hili tunalichukulia kama kazi ya vipimo, si ya kuamini au kukejeli.

Anza na umbali, kwa sababu bila umbali huna ukubwa wala kasi. Kitu chenye upana wa nyuzi 1 machoni, yaani mara mbili ya mwezi, kinaweza kuwa na mita 1.75 kikiwa mita 100 kutoka kwako, au mita 175 kikiwa kilomita 10. Kamera moja haiwezi kuamua.

Tumieni kamera mbili, kila moja kwenye stendi ya miguu mitatu, zikiwa zimeachana kilomita 2 kwenye mstari unaokatiza upande mnaotazama. Acheni nyota zionekane kwenye fremu. Nyota ndizo rula bora kuliko dira ya simu, ambayo hupotoshwa na chuma kilicho karibu. Mkilinganisha picha mbili za wakati mmoja, mtaona mwanga umehama ukilinganishwa na nyota zilizo nyuma yake. Ukihama nyuzi 5.7, gawanyeni zile kilomita 2 kwa tanjenti ya pembe hiyo: kama kilomita 20. Mkikosea nyuzi 1 tu, jibu linaangukia popote kati ya 17 na 24, kwa hiyo andikeni na kiasi cha makosa.

Saa ndiyo huharibu kazi nyingi. Kituo cha Anga cha Kimataifa kikipita utosini husogea takriban nyuzi 1 kwa sekunde. Saa za kamera zikipishana sekunde 5, kitu kilicho kilomita 400 juu kinaweza kuonekana kiko kilomita ishirini na ushei. Kila kamera ipige picha ya saa ya GPS mwanzoni na mwishoni mwa zamu. Tofauti itaonekana na itasahihishwa.

Zima fokasi ya kujiendesha. Gizani lenzi huhangaika, na nukta ya mwanga ikitoka kwenye fokasi huvimba na kuchukua umbo la tundu la lenzi. Pembetatu na almasi nyingi angani huzaliwa hapo. Lenga nyota angavu kwa mkono, kisha usiguse tena. Funga pia muda wa kupokea mwanga na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, visijibadilishe. Faili hifadhi lilivyotoka kwenye kamera: programu za kutumiana ujumbe hulibana na mara nyingi hufuta taarifa zake.

Ukiweza, weka kwenye kamera mojawapo kioo cha kutawanya mwanga katika rangi zake, chenye mistari 500 kwa milimita. Taa ya sodiamu huonyesha mng'ao wa njano karibu na nanomita 589. LED nyeupe huwa na kilele cha buluu. Rangi inayoonekana kwa macho matupu haikupi hilo.

Kisha ondoa vya kawaida: Zuhura magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya macheo, msururu wa setilaiti za Starlink, ndege inayokujia uso kwa uso na taa zake kuonekana zimetulia, puto, droni. Usiandike “si ndege” bila kutaja ulivyolihakiki.

Na usiku usioona chochote uandike pia: saa ulizotazama, upande, mawingu. Matukio matano ndani ya saa 10 za kutazama si sawa na matano ndani ya saa 1,000, na daftari lenye matukio pekee haliwezi kuonyesha tofauti hiyo.