Kumtembeza rafiki London kutwa nzima kwa nauli ya basi

Mwongozo huu unawafaa wanaoishi Uingereza na kutembelewa na rafiki kutoka nyumbani, mwenye siku moja tu ya kuuona mji na asiye na fedha za kuchezea. Msimamo wangu ni kwamba siku hiyo mtumie miguu na mabasi ya kawaida ya ghorofa, kwa sababu anayepanda treni ya chini ya ardhi hulipa zaidi na asione kitu njiani. Mabasi ya watalii yaliyo wazi juu msiyafikirie kabisa, maana hupita barabara zilezile kwa bei isiyoelezeka.

Hatua ya kwanza: malizeni suala la nauli kabla ya safari

Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014, kwa hiyo noti alizobadilisha mgeni uwanja wa ndege hazitamfaa mlangoni. Anahitaji kadi ya benki inayolipa kwa kugusishwa, au simu iliyounganishwa na kadi hiyo, au kadi ya Oyster, yaani kadi ya usafiri wa London inayowekwa salio kabla ya safari, na kila mtu awe na yake, kwani kadi moja hailipii abiria wawili.

Ninapoandika haya, safari moja ya basi ni pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu kugusisha mara ya kwanza mnaweza kupanda basi jingine, na jingine tena, bila kukatwa zaidi. Mkishafikisha pauni 5.25, mabasi yote yanayofuata siku hiyo huwa bure. Hesabu hii hufuata kadi, haimfuati mtu. Mgeni akigusisha simu asubuhi, kisha chaji ikaisha akatoa kadi yenyewe, atahesabiwa kama abiria wawili, hata kama fedha zinatoka akaunti moja. Achague kimoja na akishikilie hadi usiku. Pia asigusishe pochi nzima yenye kadi tatu ndani, maana hatajua ipi imesomwa.

Wenye kadi zilizotolewa Afrika Mashariki wana jambo la ziada la kuangalia. Mtu akigusisha, fedha hazikatwi palepale. Safari za kutwa hujumlishwa, na benki hudaiwa usiku. Rafiki yangu mmoja alizunguka siku nzima akiona taa ya kijani, lakini kesho yake mashine ikamwashia nyekundu kila tulipopanda. Benki yake ilikuwa imekataa malipo ya usiku kwa sababu matumizi ya nje ya nchi hayakuwa yamefunguliwa, na kadi yenye deni la nauli hufungiwa mpaka deni lilipwe. Asubuhi yote ikaishia kituoni, yeye akiwa kwenye simu na wahudumu wa benki, mimi nikihangaika kulilipa deni hilo kwenye tovuti ya Transport for London, mamlaka ya usafiri ya mji. Kwa hiyo mgeni aiombe benki yake, kabla hajasafiri, imfungulie malipo ya nje na malipo ya kugusisha yasiyohitaji namba ya siri, aulize makato ya kubadilisha fedha, na aache salio la kutosha. Benki ikionekana kusitasita, mnunulieni Oyster bila kubishana: ada ya kadi hairudishwi, lakini salio mnaliweka wenyewe, na punguzo ni lilelile.

Hatua ya pili: jumba moja la makumbusho, lisizidi moja

Saa nne asubuhi muwe kwenye mlango wa National Gallery, Trafalgar Square, ambako kiingilio ni bure. Wengi watawashauri muongeze British Museum, ambayo nayo ni bure, lakini mgeni aliyetembezwa majumba mawili kwa siku hukumbuka maumivu ya miguu tu. Tafuteni mchoro wa Holbein wa mwaka 1533, wa mabalozi wawili waliosimama wima. Chini yao kuna kitu kirefu cha kijivujivu kisichoeleweka. Sogeeni upande wa kulia, karibu na fremu, mtazame kimshazari, nacho kitajikusanya kuwa fuvu la kichwa. Kabla ya kutoka tumieni vyoo, kwa kuwa vya mitaani mara nyingi hulipiwa.

Hatua ya tatu: basi namba 15

Pandeni juu, mkae viti vya mbele kabisa. Basi hupita Strand, Fleet Street na ubavuni mwa kanisa kuu la St Paul's, nanyi mshuke Tower of London, ngome ya kale ya mji. Msiingie: tiketi ya mtu mzima huzidi pauni 30, na kuta zinaonekana vizuri kutoka nje. Vukeni Tower Bridge kwa miguu, bila malipo. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1894 na bado hupandishwa meli zinapopita. Ratiba hutangazwa kwenye tovuti yake, kwa hiyo iangalieni mapema mpate kuona barabara ikigawanyika katikati.

Hatua ya nne: chakula

Sandwichi, kinywaji na kitafunwa vya bei ya pamoja, kutoka supamaketi yoyote. Chupa ya maji mtoke nayo nyumbani, mjaze bombani.

Hatua ya tano: ukingo wa kusini wa mto hadi St Paul's

Fuateni mto Thames kuelekea magharibi, mpite soko la vyakula la Borough Market, ambalo hufungwa Jumatatu, kisha mpumzike katika ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, uliokuwa sehemu ya kituo cha kufua umeme. Mbele yake lipo daraja la Millennium, la waenda kwa miguu, lililofunguliwa Juni 2000 na kufungwa siku mbili baadaye kwa sababu liliyumba chini ya nyayo za watu. Lilirejea mwaka 2002 likiwa imara.

Ng'ambo ni St Paul's. Kuingia kama mtalii ni ghali, ila ibada ya jioni haina kiingilio, mradi mkae kama waumini na msipige picha. Asiyetaka ibada apande lifti ya jengo la One New Change lililo jirani, kwani baraza la paa lake ni la bure na kuba la kanisa liko mbele ya macho.

Mrudi kwa namba 15 ileile. Kesho yake mgeni aangalie makato ya benki: yakizidi pauni 5.25, ukiacha gharama za kubadilisha fedha, aulizwe kwanza kama alichanganya simu na kadi.