Jinsi ya kunyanyua na kujitwika ndoo ya maji bila kuumiza mgongo

Ninafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na akina mama wengi wanaokuja kwangu wanalalamika kiuno. Wanalaumu baridi, wanalaumu godoro. Nikiuliza siku yao inavyokwenda, mara nyingi ninakutana na ndoo ya lita 20. Maji hayo peke yake ni kilo 20, bado ndoo yenyewe, na hapo ni safari moja tu ya bombani.

Mgongo wa chini una pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski, kama kijimto laini. Misuli inayoushikilia imelala karibu sana na mfupa. Ukishika mzigo mbali na mwili, misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mzigo mara kadhaa, na shinikizo kubwa linaishia kwenye diski. Jaribu mwenyewe: kumbatia ndoo kifuani, kisha inyooshee mikono mbele. Ndoo ni ileile, lakini utaona tofauti. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina lengo moja, kuuleta mzigo karibu na mwili.

1. Inua mahali pa kukingia. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Panga matofali au jiwe bapa chini ya bomba, ndoo ijae ikiwa usawa wa magoti au juu zaidi. Kutoa mzigo chini kabisa ndiko kunakochosha kiuno. Kama kisima ni cha mtaa mzima, lizungumzeni kwenye kikao. Jukwaa dogo la saruji litawafaa wote.

2. Gawa mzigo. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, hayakuelemezi upande mmoja.

3. Sogea, tanua miguu. Khanga iliyobana chini inakufanya usimame mbali na ndoo na kuinama kiunoni. Ilegeze kwanza, kisha simama ndoo ikiwa kati ya miguu.

4. Nyanyua. Kunja magoti na nyonga, vuta ndoo igusane na mwili, inuka bila kushtua. Si lazima mgongo unyooke kabisa. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usijipinde kiuno ukiwa na mzigo mikononi.

5. Kujitwika. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu ndoo inatoka kiunoni kwenda kichwani huku mikono ikiwa mbali na mgongo ukipinda nyuma. Omba mtu akutwike. Ukiwa peke yako, iweke kwanza juu ya ukuta au kichuguu cha usawa wa kifua, pumua, weka ngata, kisha jisogeze chini yake ukiwa umekunja magoti kidogo. Mjamzito asijitwike peke yake, na wa nyumbani wasingoje aombe msaada.

6. Kutua. Fuata njia ileile kinyumenyume. Watu hufika nyumbani wamechoka, wakaibwaga.

Serikali ya Tanzania imekuwa na kampeni ya kumtua mama ndoo kichwani, na ninaiombea ifike kila kijiji. Mpaka bomba lifike uani, tugawane kazi hii: baba na vijana wana mikono pia. Na aliyekaa muda mrefu bila kubeba aanze na nusu ndoo, maana mwili huzoea mzigo polepole.

Kama tayari kiuno kinauma, usilale kitandani siku nzima. Tembea, fanya kazi nyepesi, badilisha mkao. Maumivu mengi ya kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Usikimbilie kununua mkanda wa kiuno: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauupendekezi kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini.

Lakini nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia mkojo au choo, mkojo ukigoma kutoka, au miguu ikiishiwa nguvu. Maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kupungua uzito yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutokea hata kwa mtu asiyekohoa. Mtaje daktari dalili zote hizo. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali.