Nuru iingie, jua libaki nje: somo la kujenga nyumba Dodoma

Mbukwenyi wote. Nyumba yangu ya kwanza, kule Nkuhungu, niliiwekea sebule dirisha la mita 3 linalotazama machweo, kwa kuwa nilipenda kuona vilima jioni. Ikifika saa kumi vigae vinachoma, mtoto hawezi kuvuka sebule bila kandambili. Tukanunua pazia zito, likashushwa kutwa nzima, na ndani tukawasha taa mchana. Dodoma hii, yenye jua la kumwaga! Hapo ndipo nilipoelewa kuwa nuru na jua ni vitu viwili, na nyumba hujengwa ili kuvitenganisha.

Hatua ya 1: Kaa na kiwanja kabla ya kuchora ramani

Chomeka mti wima katikati ya kiwanja, weka alama mahali kivuli kinapoishia saa tatu, saa sita na saa kumi. Rudia baada ya miezi kadhaa. Tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Juni huegemea kaskazini, Desemba kusini. Angalia na upepo: kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, na wakati wa kiangazi huja na vumbi lake.

Hatua ya 2: Laza nyumba mashariki–magharibi

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Upande wa magharibi weka choo, stoo, ngazi, chochote ambacho hukai humo muda mrefu. Vyumba vya kulala vipe mashariki, maana ukuta uliopashwa moto asubuhi huwa umepoa usiku ukiingia.

Hatua ya 3: Paa litoke nje

Hapa ndipo ninapogombana na wateja. Siku hizi kila mtu anataka paa la kuficha, ukuta umepanda juu na bati halionekani. Paa hilo halina kofia, yaani ukingo unaotoka nje ya ukuta, hivyo ukuta wote uko juani na mvua inaupiga. Mimi naomba futi 3 zitoke nje ya ukuta. Mwezi Juni saa sita mchana, kofia hiyo inashusha kivuli cha mita moja na nusu kwenye ukuta wa kaskazini, na dirisha la kawaida lote limefunikwa. Magharibi hesabu hiyo inagoma: saa kumi na nusu jua liko chini, kofia ileile inafunika nusu mita tu. Huko dawa ni majani, tutayafikia.

Hatua ya 4: Madirisha pande mbili

Chumba chenye dirisha upande mmoja kina mwangaza mkali huku na giza kule. Weka madirisha kuta mbili, hata kama la pili ni dogo, hewa nayo itapita. Korido ipe tofali za matundu karibu na dari. Dari na kuta zipake nyeupe ili nuru irudi ndani.

Hatua ya 5: Ua

Wagogo walijenga tembe kuzunguka ua, kuta nene za udongo na paa bapa la udongo juu ya nguzo na fito. Ndani kulipoa, ingawa kulikuwa na giza. Tuchukue ule ua. Hata wa mita 3 kwa 4 unatosha: jiko, korido na sebule vyote vinapata nuru ya juu, na mpapai mmoja katikati unabadilisha nyumba nzima.

Hatua ya 6: Miti kabla ya msingi

Watu hupanda wakishahamia. Panda Desemba mvua zikianza, mwaka mmoja kabla ya kujenga, na ukuta ukisimama kivuli kitakuwa kimeshaanza. Mwarobaini unavumilia ukame wetu, mkwaju na mlonge vilevile. Ukikuta mkungugu (mgunga wa kwetu) kwenye kiwanja, tafadhali usiuguse, sogeza nyumba. Magharibi jenga kichanja cha mizabibu, mita 2 kutoka ukutani. Mzabibu hapa huzaa mara mbili kwa mwaka, lakini pogoa nusu kwanza, nusu baadaye, usije ukabaki bila kivuli.

Hatua ya 7: Maji

Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 100 za mraba, ukitoa moja ya tano inayopotea, linakupa lita 44,000 au zaidi. Tangi la lita 5,000 litajaa mapema na kumwagika, basi elekeza ziada kwenye mashimo ya miti. Maji ya kufulia yaende kwenye mipapai na migomba, ila yenye dawa ya kung'arishia nguo yasifike huko.

MASWALI

Mwanachama, Ihumwa: Shikamoo mwalimu. Mimi nimeshajenga, sebule inatazama magharibi. Nibomoe?

Marahaba, mwanangu. Usibomoe. Weka kichanja nje ya dirisha na upande mtambaazi, ukisubiri uote tundika jamvi au mkeka kwa nje. Pazia la ndani linazuia nuru, lakini joto linakuwa limeshapita kioo.

Mwanachama, Nala: Kiwanja changu ni udongo mweusi, kiangazi unapasuka. Miti si itanivunjia nyumba?

Hofu yako ni ya kweli, kaka. Udongo huo hunywea ukikauka, na mizizi inaukausha zaidi. Mti uwe mbali na msingi sawa na urefu utakaofikia ukikomaa. Karibu na ukuta panda mizabibu na maua ya kopo tu. Msingi mwite mhandisi, usikisie.

Mwanachama, Iyumbu: Majani mengi, na nyoka je?

Dada, acha mita moja na nusu kuzunguka nyumba iwe wazi, changarawe iliyofagiwa. Usirundike kuni wala matofali karibu na ukuta, panya hujificha humo na nyoka humfuata panya. Matawi yasiguse paa. Na tangi lifunikwe kwa wavu, maana mbu wanatusumbua kuliko nyoka.

Mwanachama, Chamwino: Bati rangi gani?

Nyeupe au ya kijivu hafifu. Ukishapenda la rangi nzito, weka dari na uache matundu ya hewa pande zote mbili juu yake, joto lipate pa kutokea.