Umeanza dawa ya lehemu? Anza na chupa ya mafuta, mayai baadaye

Mgonjwa akikabidhiwa dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) pale dirisha la famasi, swali la kwanza huwa: "Mayai ndiyo basi tena?" Mafuta ya kukaangia hayaulizwi. Mpangilio huu ndio ninaoufuata kumweleza mgonjwa mpya hapa Dodoma, na mayai tutayafikia.

Hatua ya 1: Soma jina la dawa

Wengi mmeandikiwa atovastatini, rosuvastatini au simvastatini. Zote ni statini: zinapunguza lehemu inayotengenezwa na ini, na ini nalo linaanza kuivuta LDL, ile lehemu mbaya, kutoka kwenye damu. Tofauti iko kwenye saa. Simvastatini haikai sana mwilini, na ini hutengeneza lehemu zaidi usiku, kwa hiyo imeze usiku. Hizo mbili nyingine chagua saa usiyoisahau, umekula au hujala. Ukiruka dozi, subiri inayofuata. Usimeze mbili kufidia.

Hatua ya 2: Balungi liache

Tunda hili linazuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachoivunja simvastatini na, kwa kiasi kidogo zaidi, atovastatini. Dawa inapanda kwenye damu kupita kipimo alichokusudia daktari, na misuli ndiyo inayolipa. Kula balungi asubuhi ukameza dawa usiku hakukuokoi, kwa sababu athari yake inaweza kuvuka saa 24. Anayetumia rosuvastatini hili halimhusu. Maembe, mapapai na zabibu kula. Zabibu naulizwa kila msimu, na jibu langu ni hilo hilo. Mvinyo wake ni habari nyingine, nitaigusa chini.

Hatua ya 3: Badilisha mafuta ya kupikia

Hapa ndipo penye kazi. Kinachopandisha LDL zaidi kwa watu wengi ni mafuta yanayoganda: samli, mafuta ya nyama, mafuta mazito ya kopo. Yanalifanya ini livute LDL kidogo, yaani yanarudisha nyuma kazi ile ile unayoilipia dawa. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina hiyo. Ya nazi yanapita asilimia 80. Ya alizeti ni kama sehemu moja tu ya kumi, na sisi tunaishi kwenye ukanda wa alizeti, Dodoma na Singida. Sioni sababu ya kuhangaika na chupa ghali kutoka ng'ambo.

Ila alizeti nayo ni mafuta. Yapime kwa kijiko, usimimine kwa macho. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji kinatosha mchuzi. Mafuta yaliyokwisha kaanga maandazi mpaka yakawa meusi, yamwage.

Sasa mayai. Yai moja la kuchemsha kwa siku sigombani nalo kwa wagonjwa wengi. Mwenye kisukari aongee kwanza na daktari wake. Chipsi mayai ni kesi ya mafuta, yai linasingiziwa.

Hatua ya 4: Rudi kwenye chakula cha Kigogo

Ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde, choroko. Ule ute wa mlenda ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Zinashika nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini linalazimika kutumia lehemu kutengeneza nyongo nyingine. Ukiungwa kwa karanga za kusaga ni sawa. Magadi ndiyo uyapunguze, maana yana sodiamu na wengi wenu mna presha pia.

Nyama choma usiape kuiacha, utavunja kiapo Jumamosi. Kula kipande cha ukubwa wa kiganja, kisicho na mafuta meupe, mara chache kwa wiki. Kuku mvue ngozi. Supu ya kongoro pika jioni, iache ipoe kwenye friji usiku kucha, asubuhi ondoa lile ganda la mafuta juu ndipo upashe.

Hatua ya 5: Taja kila unachomeza

Antibiotiki kama klarithromaisini na erithromaisini, baadhi ya dawa za fangasi na baadhi ya ARV zinagongana na statini. Taja pia unga wa mlonge, vidonge vya kitunguu saumu na dawa za mitishamba. Pombe ya kupindukia, iwe mvinyo, bia au wanzuki, inaumiza ini na kupandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu. Mwenye mimba, au anayepanga kuipata, amwone daktari mapema.

Hatua ya 6: Ishara na vipimo

Misuli ikiuma au kulegea bila sababu, piga simu au njoo. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, au macho yakawa ya njano, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Pima tena wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza. Uliza kama unatakiwa kufunga kula kabla ya kutolewa damu, na muulize daktari LDL yako inatakiwa kushuka hadi ngapi. Aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo mara nyingi huwekewa chini ya 1.8 mmol/L. Majibu yakija mazuri, dawa inaendelea. Ukiiacha, LDL inapanda tena ndani ya wiki chache, hata kama mlenda unaula kila siku.