Kumchukua mtoto wa kulea Unguja na Pemba: hatua, karatasi na yanayoharibika

Watoto wengi wanaolelewa na wasiokuwa wazazi wao hapa Visiwani hawajapitishwa ofisi yoyote. Mama kaolewa tena, baba kaenda Oman, mtoto kabaki kwa bibi yake Konde au kwa shangazi Kiembesamaki, na mambo yanakwenda. Yanakwenda mpaka daktari anapotaka saini ya mzazi ili ampasue, au baba anaporudi na kumdai, au mlezi anapofariki na ndugu zake wakamwambia kijana wa miaka kumi na sita atafute pa kwenda. Maelezo haya ni ya anayetaka kuchukua mtoto, na zaidi ni ya yule aliyekwisha kumchukua kwa maneno matupu.

Jua kwanza unaomba nini

Sheria inayotumika Zanzibar ni Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Bara wana yao, Namba 21 ya mwaka 2009, nayo haivuki bahari. Anayechapisha fomu za Bara kutoka kwenye intaneti na kuzijaza hupoteza karatasi na muda. Kwa sheria zote mbili mtoto ni aliye chini ya miaka 18.

Kuna malezi ya ndani ya ukoo, ambayo hayahitaji ruhusa lakini yanahitaji maandishi. Kuna malezi ya muda, ambayo wengine huyaita ya kambo: mtoto anakaa kwako chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii mpaka arudi kwao au apatiwe pa kudumu. Hapa ahadi yako ni kumlea vizuri na kumwachia wakati ukifika. Asiyeweza hilo la pili asiombe, maana mtoto ndiye anayeumia. Halafu kuna kafala, malezi ya kudumu ambamo mtoto anabaki na nasaba yake. Kafala si jambo la pembeni. Sheria ya 2011 inaitambua, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja kwa jina katika kifungu cha 20.

Kuasili, yaani mtoto kuhesabiwa kisheria kana kwamba umemzaa wewe, ni jambo jingine. Kwa Muislamu aya ya 4 na ya 5 za Suratul Ahzab zimeshalimaliza: mtoto anaitwa kwa jina la baba yake. Kwa hiyo Muislamu anayetaka mtoto wa kudumu aseme tangu mwanzo kwamba anaomba kafala. Ukisema "nataka mtoto" tu, jalada lako linaweza kuanzia mahali sipo.

Pa kuanzia

Usianzie hospitali, wala kwa wakili, wala nyumba ya watoto. Anzia kwa sheha wako, yaani kiongozi wa shehia unayoishi, akuandikie barua ya ukaazi, kisha nenda ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya unayoishi. Wilaya ziko 11, saba Unguja na nne Pemba, na mtu wa Micheweni hana haja ya kupanda boti kwenda Mjini kuanzisha maombi. Kama jambo litahitaji mahakama, afisa ndiye atakayekuelekeza mahakama ipi na kwa maombi gani. Ripoti yake ya uchunguzi ndiyo inayobeba uzito huko.

Nenda na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, chako na cha mwenzio, cheti cha ndoa au cha talaka, vyeti vya kuzaliwa vya watoto ulionao, na barua ya daktari kuhusu afya yako. Kipato si lazima kiwe mshahara. Mvuvi, mkulima wa mwani au mwenye duka alete daftari lake la mauzo, kitabu cha kikundi cha kuweka na kukopa, au risiti za kuuzia karafuu ZSTC, shirika la biashara la serikali. Ongeza majina ya watu wawili wasiokuwa jamaa zako wanaokujua vizuri. Toa nakala tatu za kila kitu na moja usiitoe mkononi mwako kamwe, kwani afisa huhamishwa kituo na jalada likachelewa kumfikia mrithi wake.

Afisa anapokuja nyumbani

Wengi hupaka chokaa na kununua godoro jipya. Si hayo yanayotazamwa. Afisa anataka kujua mtoto atalala wapi na atalala na nani, nani anabaki nyumbani mchana, kisima kina kifuniko au hakina, dawa zinawekwa wapi, na kila mkubwa wa nyumba analionaje jambo hili. Ataomba kuzungumza na watoto wako bila ya wewe kuwapo. Mruhusu. Ukijibu wewe badala yao, tayari umeshajibu swali ambalo hakuliuliza.

Maombi mengi huvunjikia kwa mume aliyekubali kwa mdomo ili amnyamazishe mkewe. Akiulizwa peke yake anajivuta. Kwenye ndoa za wake wengi lazima ijulikane mtoto ataishi nyumba ipi, na mke mwenza analijua hilo. Pia kuna nyumba ambamo mtoto anatafutwa kwa sababu msaidizi wa kazi ameondoka. Hili linagundulika kwa maswali mepesi tu: watoto wako wanakwenda skuli saa ngapi na chuoni (madrasa) saa ngapi, na huyu atakwenda saa ngapi? Nani atachota maji? Kama saa hazilingani, huyo anatafutwa mtumishi.

Kisha kuna kusubiri, na hapa ndipo watu wanapokasirika. Kabla ya mtoto kupewa mtu baki, jamaa zake hutafutwa kwanza, upande wa baba na wa mama, kupitia masheha wa shehia walizotoka. Kazi hii inaweza kula miezi. Ukipunguziwa miezi hiyo kwa njia za panya, ujue kuna shangazi huko Kojani ambaye hakuulizwa, na siku akisikia atakuja. Na mtu yeyote anayetaka fedha ili "akupatie mtoto haraka", awe mkunga, dereva au mtu wa ofisini, anauza binadamu. Kataa na umripoti polisi.

Mtoto aliyeokotwa

Usimpeleke nyumbani kwako, hata kwa usiku mmoja. Mkaushe, mfunike kichwa, mweke kifuani apate joto lako, mtume mtu kwa sheha na kituo cha polisi, na mtoto afike hospitali saa ileile. Usimpe asali, maji ya sukari wala maji matupu. Khanga aliyofungiwa, kikapu, uzi, hata karatasi, vyote vihifadhiwe, na uandike mahali na saa, kwa sababu ndivyo vitakavyomrudisha kwao au vitakavyomweleza ukubwani alitoka wapi. Serikali ina Nyumba ya Watoto Mazizini kwa watoto wasio na pa kwenda. Aliyemwokota anaweza kuomba kumlea kama mwengine yeyote, ila kuokota hakumpi hati ya kummiliki.

Jina, cheti na maziwa

Kosa kubwa kuliko yote ni kumsajili mtoto kana kwamba umemzaa. Mkunga anaandika jina lako, cheti kinatoka, kila mtu anafurahi. Miaka ishirini baadaye binti anaposwa na wewe unasimama kuwa walii, yaani wa kumuozesha, na wewe si walii wake. Walii ni baba yake wa damu au jamaa za baba, na wasipopatikana ni kadhi. Baadhi ya watu hujikuta ndoa imeshafungwa ndipo siri inapotoka kwenye ugomvi wa mirathi. Cheti kibaki na wazazi wake wa kweli. Wewe unakuwa na hati yako ya ulezi, na hizo karatasi mbili zinatembea pamoja kokote anakokwenda. Kama hana cheti kabisa, suala hilo lipelekwe ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii mkiwa na afisa wa Ustawi, si peke yako.

Suala la umahramu, yaani kuwa watu wasiooana kamwe na hivyo kuweza kukaa pamoja nyumbani bila ya kujisitiri, liamuliwe mapema, kwani lina muda wake. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa, kunyonya kunaleta umahramu mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili ya Hijria, na yawe manyonyesho matano mbalimbali, kila moja mtoto aache mwenyewe. Hata maziwa yakikamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe yanahesabiwa. Mama mlezi asiyekuwa na maziwa anaweza kumtegemea dada yake: mtoto wa kiume akinyonyeshwa na dada wa mlezi, mlezi anakuwa mama yake mdogo wa kunyonya, na umahramu umepatikana.

Lakini mtoto akiwa wa kike, anayehitaji umahramu ni mume, na hapo dada wa mke hasaidii kitu. Atamfanya mke kuwa mahramu, ambaye hakuwa na tatizo, na mume atabaki mtu baki. Kwa binti anyonyeshe dada wa mume, ili mume awe mjomba wake. Tunalisisitiza hili kwa sababu familia hufanya jambo zima kwa nia safi na kulifanya upande usio. Mnyonyeshaji apime virusi vya ukimwi kwanza, na majina, tarehe na mashahidi viandikwe, kwani watoto wote wa mwanamke yule sasa ni ndugu wa mtoto huyu na hawaoani.

Mali

Mtoto wa kafala hakurithi, na wewe humrithi. Anayempenda atumie njia zilizopo. Wasia kwa asiyekuwa mrithi unafika mpaka thuluthi, na thuluthi inahesabiwa baada ya mazishi na madeni. Mtu akiacha vitu vya shilingi milioni 60, madeni na mazishi yakala milioni 6, kinachobaki ni milioni 54, na wasia hauzidi milioni 18 ila warithi wakiridhia. Hiba, yaani zawadi, haina mpaka huo ukiwa mzima wa afya, lakini lazima ikabidhiwe ungali hai. Kusema "kiwanja kile cha fulani" huku hati iko sandukuni kwako na kodi unakula wewe, ni kuwaachia watoto kesi.

Na mali ya mtoto mwenyewe, kama ni yatima aliyerithi, isichanganyike na yako hata senti. Andika orodha siku ya kwanza mbele ya sheha na jamaa. Kwa Pemba usiandike "shamba la Mtambile" tu. Andika idadi ya mikarafuu na minazi, maana miti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine. Risiti za karafuu zake weka bahasha yake. Kukiwa na mvutano juu ya mirathi, pa kwenda ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Bibi au shangazi ambaye tayari anaye

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja na mzazi aliye hai: majina kamili, tarehe mtoto alipohamia, nani analipa matumizi na shilingi ngapi, nani anaruhusu matibabu makubwa, mtoto anakwenda kwa mzazi siku zipi. Watie saini wote na sheha ashuhudie. Karatasi hiyo si amri ya mahakama, na mzazi anaweza kuigeuka, lakini mbele ya afisa wa Ustawi inaonesha nani amekuwa akilea. Baada ya hapo mpelekee afisa wa wilaya nakala ili mtoto awe na jalada.

Mtoto akidhalilishwa

Piga 116, simu ya watoto ya bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama ni udhalilishaji wa kijinsia nenda moja kwa moja kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja au cha Chake Chake, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana pamoja. Dawa za kukinga virusi vya ukimwi zina saa 72 tu, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Usimkoshe mtoto. Nguo zake zitie mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwani unyevu unaharibu ushahidi. Usimhoji. Msikilize anachosema, kiandike kwa maneno yake mwenyewe, na uachie hapo, kwa sababu mtoto akirudiarudia hadithi kwa kila jamaa, mahakamani itaonekana amefundishwa.

Linaloua kesi hizi zaidi ni muhali, yaani kuoneana haya. Mtuhumiwa ni ami, au mwalimu wa chuoni, au mwenye kumlipia kaka yako ada, na wazee wanakaa kutafuta sulhu. Kosa la jinai si la wazee kusuluhisha. Na ikiwa mtuhumiwa anaishi nyumba moja na mtoto, mwambie afisa mapema ili atakayeondoka awe yeye, si mtoto.

Wanaoishi nje

Tanzania si mwanachama wa Mkataba wa The Hague wa 1993 juu ya kuasili watoto, na nchi nyingi hazihesabu kafala kuwa sawa na kuasili. Mzanzibari aliye Uingereza au Kanada aulize kwanza uhamiaji wa huko kama hati ya kafala itampatia mtoto viza, kabla ya kuanza chochote huku. Akifanya kinyume chake, mtoto huishia kulelewa na jirani kwa jina la mtu aliye mbali.

Na mlezi aliyeshindwa, kwa maradhi, talaka au kwa kuwa mtoto na nyumba hawakuelewana, arudi kwa afisa yuleyule wa wilaya kabla ya kumhamishia mtoto kwa mtu mwengine. Ampelekee pamoja na jalada lake: cheti, kadi ya kliniki, ripoti za skuli, orodha ya mali na jina la aliyemnyonyesha.