SOMO: Umegongwa na gari, unakwenda kwa wakili. Ubebe nini, useme nini

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii peke yake nimeulizwa jambo hili mara tano, mara moja nikiwa kwenye foleni ya mihogo Ngamiani. Naandika mara moja tu. Atakayeniuliza tena namtumia uzi huu.

Mjue kwanza anayeongea ni nani. Mimi si wakili, ni karani wa wakili hapa Tanga mjini, mwaka wa 11 huu. Wakili ndiye anayesimama mbele ya hakimu. Mimi ndiye ninayempokea mtu na magongo yake mlangoni, namtafutia kiti, nafungua faili. Kesi nyingi za fidia nimeziona zikipona au zikifa pale kwenye kiti, kabla hazijafika mahakamani.

1. PF3 (fomu ya polisi ya mtu aliyeumia). Ichukue polisi, daktari aijaze yote, toa nakala kabla hujairudisha.

2. Picha. Gari, namba, mahali penyewe, stika ya bima kama ipo. Kama wewe umelazwa, mtume ndugu. Namba ya gari ikiingizwa kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) inaonyesha kama bima iko hai na ni ya kampuni gani. Msiniambie "ana bima ndogo tu". Bima ndogo ndiyo hiyo inayolipa watu wa nje, na sheria inamlazimisha kila mwenye gari awe nayo.

3. Usisaini kitu ukiwa wodini. Watakuja watu wa dereva na matunda, na laki mbili, na karatasi imeandikwa "tumemalizana". Pokea matunda. Halafu atakuja kishoka (dalali asiye wakili) mwenye shati safi, atasema anawajua watu wa bima na atakufuatilia mwenyewe. Huyo usimpe hata nakala ya kitambulisho.

4. Risiti. Hasara unayoweza kuihesabu kwa shilingi (dawa, nauli, eksirei, magongo) mahakama inataka itajwe moja moja na ithibitishwe kwa ushahidi. Hilo Mahakama ya Rufani ililisema zamani kwenye kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992, na mawakili wanaitaja mpaka leo. Maumivu hakimu anayapima kwa busara yake, dawa hazipimwi kwa busara. Bodaboda hatoi risiti, najua. Mwandikishe kwenye karatasi: jina, tarehe, kutoka wapi mpaka wapi, kiasi, sahihi. Na risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) toeni nakala siku hiyo hiyo. Ile karatasi inafifia. Nimeletewa bahasha nzima ya vikaratasi vyeupe kama tambi, mama wa watu kavitunza mwaka mzima chini ya godoro.

5. Daftari. La shilingi mia tano linatosha. Kila siku mistari miwili, na usiandike "naumwa sana", andika kilichokushinda. Kuna dada mmoja aliandika: "Leo nimeshindwa kuchutama chooni, mwanangu wa kiume ndiye kanishika." Wakili aliusoma mstari ule mara mbili, akavua miwani.

6. Kesi ya trafiki ifuatilie. Watu wanaiacha kwa sababu ni ya Jamhuri, wanaona haiwahusu. Dereva akitiwa hatiani na hukumu ikawa ya mwisho, haina rufaa tena, kwenye kesi yako ya madai kosa lake limeshathibitika. Tafuta nakala ya hukumu. Zile ripoti nyingine za polisi (PF 90, PF 93, PF 115 na ramani ya ajali) wakili ataziombea kwa barua.

7. Kikao cha kwanza na wakili. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mzee mmoja, fundi seremala, kagongwa na Hiace. Mguu umevunjika, na kiuno hakimpi usingizi. Nikamuuliza huku nabana karatasi na stepla, "Mzee wangu, una ugonjwa mwingine wowote?" Akajibu, "Sina mwanangu, alhamdulillah." Nikaandika: hana.

Miezi tisa baadaye mzee yuko kizimbani, kanzu imepigwa pasi. Wakili wa upande wa pili akauliza taratibu kabisa, "Mzee, uliwahi kuanguka?" Mzee akanyamaza. Feni inazunguka. Kisha: "Kwenye mnazi. Lakini zamani." Yule wakili akatoa karatasi. Miaka miwili kabla ya ajali mzee alikuwa akienda hospitali kwa mazoezi ya kiuno hicho hicho.

Mzee hakudanganya. Kwake yeye kuanguka mnazi si ugonjwa, na mimi nilimuuliza ugonjwa. Lakini tangu dakika ile kila alichosema hakimu alikisikiliza kwa sikio moja. Akalipwa mguu. Kiuno hakulipwa hata senti. Kwenye ngazi wakili wangu aliniuliza neno moja tu: "Ulimuulizaje?"

Linaloniuma ni kwamba lilikuwa na dawa. Sheria haimtupi mtu mwenye jeraha la zamani. Aliyekugonga anakuchukua kama alivyokukuta, na kama ajali imelizidisha jeraha lako, hicho kilichozidi ni chake. Ila lazima tuliseme sisi kwanza, na daktari aandike hali ilikuwaje kabla na ikawaje baada. Likisemwa na adui kwanza, limekuwa uongo wako.

Siku hizi naanza kichwani nashuka mpaka kidole cha mguu. Uliwahi kuanguka? Mnazi, ngazi, baiskeli? Uliwahi kupigwa? Uliwahi kwenda kwa mkanda viungo? Uliwahi kudai bima popote? Watu wanachoka, wengine wananuna. Wanune.

Tahadhari, na msizipite:
- Sema na la aibu. Ulikuwa umekunywa, hukuvaa helmeti, mlipanda mishikaki (bodaboda moja, abiria zaidi ya mmoja). Ukiwa na kosa lako kidogo fidia inaweza kupunguzwa, haifi yote. Ukificha inaweza kufa. Na unachomwambia wakili ni siri, hawezi kukipeleka mahali.
- Kama hujui, sema hujui. Usikisie mwendo wa gari. "Lilikuja mbio, sikulipima" ni jibu zuri.
- Picha za harusi ya binamu yako, wewe katikati unacheza, zitoke mtandaoni? HAPANA. Usifute kitu bila kumuuliza wakili. Ila usiongeze nyingine.

8. Mahakamani. Jibu ulichoulizwa, nyamaza. Kiingereza kisikutishe, tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kabla ya kufika huko mtapitishwa kwenye usuluhishi, na kesi nyingine zinaishia hapo.

9. Muda. Miaka 3 tangu ajali. Siyo tangu ulipopona.

Maswali karibuni.

---

Chuda_Boy: Mkuu mimi niligongwa mwezi wa tatu napata shilingi ngapi?

Karani: Sijui. Soma namba 4.

Chuda_Boy: Kwa makadirio tu mkuu, mguu huwa ni bei gani

Karani: Mguu hauna bei ukutani kama nyama. Mguu wa fundi baiskeli na wa mtu wa kukaa ofisini haulingani. Soma uzi.

MamaNuru: Kaka asante kwa somo. Mwanangu ana miaka tisa, aligongwa na pikipiki akitoka madrasa mwaka juzi. Nimesikia mtoto muda wake haupotei, ni kweli?

Karani: Dada, swali zuri. Ni kweli, miaka 3 yake inaanza kuhesabiwa akitimiza 18. Lakini usisubiri. Shahidi atahamia Mombasa, pikipiki itauzwa, mwenyewe atasahau. Mzazi unaweza kufungua sasa kwa niaba yake. Na kwa mtoto mwambie daktari aandike kuhusu ukuaji: mfupa ukivunjika karibu na ungio mguu unaweza kubaki mfupi, na hilo halionekani leo. Njoo na kadi za kliniki na ripoti za shule, kama alama zimeshuka tangu agongwe zitasaidia.

Mgosi wa Pongwe: Yaani nyie mnakaa na mteja mnamfundisha cha kusema halafu mnaita kumwandaa. Ndio maana kesi haziishi.

Karani: Mgosi, umesoma namba 7 au umesoma kichwa cha habari? Nimeandika mtu aseme na ulevi wake. Huko ndiko kufundisha uongo? Kumwandaa ni kumweleza atakaa wapi, nani atauliza, na kumsomea maelezo yake mwenyewe akumbuke tarehe. Anayekaririshwa tunamjua wote, hata karani wa mahakama anamjua. Swali likigeuzwa kidogo anaanza upya toka mwanzo kama mtoto anayesoma shairi.

Mgosi wa Pongwe: Haya basi mgosi, usipandishe.

Karani: Sijapandisha.

Binti_Raskazone: Shikamoo kaka. Mdogo wangu alikatwa vidole na korona (mashine ya kuchakata mkonge) kwenye shamba la mkonge, huku Muheza. Mwajiri anasema watamalizana ndani kwa ndani. Tufungue kesi?

Karani: Marahaba. Hiyo njia yake ni tofauti, ni jeraha la kazini. Kaanzeni na WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri ndiye anayechangia na ndiye anayetakiwa kutoa taarifa. Akikaa kimya, mdogo wako aende mwenyewe. Msipitishe miezi 12 tangu aumie. "Ndani kwa ndani" msisaini. Je, ana mkataba wa maandishi?

Binti_Raskazone: Hana, analipwa kwa wiki.

Karani: Isiwatishe. Mtafute chochote chenye jina lake: daftari la mahudhurio, ujumbe wa malipo wa simu, wenzake wawili waliokuwa zamu hiyo. Na kama pesa ya wakili hamna, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kaulizeni ustawi wa jamii wilayani nani anatoa huduma hiyo bure.

Kwaminchi01: Mzee wetu alifariki papo hapo, dereva kafungwa. Tumeambiwa kesi imekwisha.

Karani: Poleni sana. Ya jinai ndiyo imekwisha. Fidia ya wategemezi (mjane, watoto, wazazi wake kama wako hai) ni jambo lingine. Anzeni na msimamizi wa mirathi, halafu mumwone wakili mkiwa na barua ya usimamizi, cheti cha kifo na nakala ya hukumu. Njoo inbox.

Chuda_Boy: Mkuu nimesoma. Sasa risiti zangu ndo zimeanza kufutika, nizipige lamineshi?

Karani: USITHUBUTU.

Fundi_Stationery: Namuunga mkono. Zile karatasi zinaandikwa kwa joto, na mashine ya lamineshi ni joto. Kuna mteja aliniletea risiti nne, nilivyozipitisha zimetoka nyeusi tii kama sufuria la pilau. Ilibidi nimlipie soda.

Karani: Soda tu?

Fundi_Stationery: Nilikuwa sijui kama ni za kesi.

Chuda_Boy: Kwa hiyo?

Karani: Piga picha kwa simu leo, mwanga wa pembeni. Kisha toa nakala, ukoze kidogo wino. Kisha rudi duka la dawa ulikonunua, mfumo wao una kumbukumbu, omba wakuchapie tena. Nenda na tarehe.

Chuda_Boy: Sawa mkuu. Nilikuwa sijakwambia, siku ile tulikuwa mishikaki.

Karani: Wangapi?

Chuda_Boy: Wanne na mbuzi.

Karani: Njoo ofisini kesho saa mbili.