Kucheza Prince of Persia ya zamani kwa laptopu ya siku hizi

Mtoto wa sista yangu alikuja Nakuru likizo akitoka Kakamega, akanisikia nikisimulia venye tulikuwa tunapanga laini kwa saiba kule Section 58 tucheze Prince of Persia dakika kumi kumi, akasema anko nionyeshe. Nikatoa flashi, gemu bado iko ndani, nikabonyeza prince.exe na laptopu ikakataa papo hapo, ati hii programu haiwezi kufanya kazi kwa hii PC. Mtoto akanitazama tu. Nilimaliza jioni nzima kuipanga na sitaki mwingine amalize yake, ndio naandika hapa vile nilifanya.

Kwanza elewa gemu yako haijaharibika, usiifute. Hizi gemu ziliandikiwa DOS, ule mfumo wa kompyuta uliokuwa kabla ya Windows, ni programu za biti 16, na Windows ya biti 64, hiyo karibu kila mtu anatumia sasa, haina tena uwezo wa kuzifungua. Hata ukiingia kwa Properties uchague ifanye kazi kama Windows 95, bado itakataa, hapo mimi nilipoteza karibu saa nzima. Dawa ni DOSBox, programu ya bure inayotengeneza kakompyuta ka zamani ndani ya laptopu yako, na gemu inaamini iko nyumbani. Ni ndogo sana, bando yako haitasikia. Ichukue kwa tovuti ya DOSBox yenyewe, usichukue kwa hizi tovuti zimejaa batani kumi za kupakua kwa ukurasa mmoja, hapo ndio virusi hutokea. Na flashi kama imezunguka kwa saiba iskani kwanza kabla hujafungua kitu.

Sasa tengeneza folda kwa drive C uiite MICHEZO, na ndani yake ingine uiite PRINCE, kisha mwaga mafaili yote ya gemu hapo, yote kabisa, sio ile exe peke yake. Jina la folda lisizidi herufi nane na lisiwe na nafasi katikati kwa sababu DOS haijui majina marefu, ukiandika Prince of Persia utakuta limekatwa na kuwekewa alama ya wimbi na namba, halafu unaanza kushangaa folda imeenda wapi.

Fungua DOSBox. Utaona skrini nyeusi imeandikwa Z:\ na hapo ndipo watu wengi huogopa wakafunga. Usifunge. Andika hivi, kila mstari unamaliza na Enter:

mount c c:\michezo
c:
cd prince
prince

Ule mstari wa kwanza unaiambia DOSBox kwamba hii folda ndio itakuwa drive C yake. Usiipatie drive C yako yote, mpatie tu folda ya michezo, gemu ikifanya ujinga haitagusa kitu kingine. Kama hutaki kuandika chochote, buruta prince.exe na uiangushie juu ya ikoni ya DOSBox, itafunguka yenyewe. Lakini mimi nilitaka kijana aandike kwa mkono wake, na uso wake ulivyochangamka gemu ilipowaka baada ya yeye kubonyeza Enter, nilifurahi sana.

Hapa sasa ndio sisi wa laptopu za ex-UK tunakwama. Unabonyeza ile kitufe ya \ kando ya Shift ya kushoto na hakuna kitu kinatokea, unabonyeza tena, wapi. Kibodi ni ya Uingereza na DOSBox inadhani ni ya Marekani. Jaribu ile kitufe ya # iko karibu na Enter, hiyo ndio itakutolea \ yako. Ukitaka herufi zote zikae mahali zimechorwa andika keyb uk kabla ya kitu kingine. Hii ndio ilinila muda mrefu kuliko yote, na nilikuwa nimeanza kudhani kibodi imekufa.

Ya pili ni Shift. Kwa Prince unaishi na Shift, ndio unashikia ukingo usianguke, ndio unatembea pole pole mbele ya misumari, ndio unapiga upanga. Na Windows ukibonyeza Shift mara tano inaleta kisanduku cha Sticky Keys, katikati ya vita! Nenda kwa Settings, upande wa Accessibility, kwa Windows 10 inaitwa Ease of Access, zima ile njia ya mkato ya Sticky Keys kabla hujaanza.

Spidi: Ctrl na F12 inaongeza, Ctrl na F11 inapunguza, na kwa laptopu zingine lazima ushike Fn pia. Kwa kawaida DOSBox huanza na cycles 3000 (cycles ndio kipimo chake cha spidi) kwa hizi gemu za zamani na Prince inatosheka hapo. Ukiona inakwaruza ongeza kidogo kidogo, usirukie juu sana. Nasisitiza kwa sababu Jordan Mechner aliyeitengeneza alimrekodi mdogo wake kwa video akikimbia na kuruka, halafu akachora miondoko ya yule jamaa kutoka kwa hizo picha, ikatoka 1989 kwa kompyuta ya Apple II na 1990 kwa DOS. Yule ni mtu halisi anakimbia pale. Spidi ikiharibika unaharibu kitu kizuri sana.

Skrini nzima ni Alt na Enter. Mausi ikinaswa ndani, Ctrl na F10 inaiachilia. Ctrl na F9 usiiguse kabisa, inafunga DOSBox bila kuuliza. Kama dirisha ni dogo kama stempu, fungua faili ya mipangilio (kwa Windows iko kwa Start menu, ndani ya folda ya DOSBox, imeandikwa Options) ubadilishe hizi:

output=opengl
windowresolution=960x720
aspect=true

Hiyo aspect ndio inarudisha umbo la skrini ya zamani, bila hiyo watu wanaonekana wamefinywa. Na mwisho kabisa wa hiyo faili, chini ya [autoexec], andika ile mistari minne ya kwanza, ile inaanza na mount. Kutoka siku hiyo ukifungua DOSBox gemu inawaka yenyewe, hata shosho anaweza.

Kuna wale wataambia uchukue SDLPoP, ni Prince hiyo hiyo imeandikwa upya kutoka kwa ile ya DOS na haihitaji DOSBox. Ni nzuri, nimeijaribu. Lakini ukijua DOSBox unafungua na Dangerous Dave na zingine zote ziko kwa hiyo flashi, kwa hivyo mimi ningeanza na DOSBox.

Ukiwa ndani ya gemu una dakika 60 za kufika kwa binti mfalme, steji ni 12, na saa haisimami ukikufa. Kuanzia steji ya tatu unaweza kuseivu na Ctrl na G, halafu siku ingine ukifika mwanzo bonyeza Ctrl na L. Seivu ni moja tu, mpya inafuta ya kwanza, kwa hivyo kama mnacheza wawili kila mtu awe na folda yake, PRINCE1 na PRINCE2. Betri ya hizi laptopu zetu mnaijua, stima ikipotea hata dakika tano haimalizi. Kijana alikuwa amebakisha dakika 41 akiwa steji ya nne wakati taa zilizima mtaa mzima, na alikuwa ameshabonyeza Ctrl na G.